Watu wa magharibi mwa Kanada wana taasisi yao ya kuchambua sera mwaka mzima, sisi Pwani ya Kenya twaingia mkutanoni mikono mitupu. Nisaidieni kuelewa

Binti_Langoni

Asalaam aleikum jamaa wa Amu (Lamu), Malindi na kwengineko. Nina suala refu kidogo, nawaomba mnivumilie.

Mimi nina duka dogo la kompyuta hapa Langoni, napiga chapa barua za watu, natoa kopi, najaza fomu za serikali. Mwezi ulopita mzee mmoja wa mtaa kaniletea bunda la karatasi, kurasa mia mbili na zaidi, zote Kiingereza, akanambia mwanangu nisomee hii, kesho kutwa twaitwa mkutano tukatoe maoni. Kesho kutwa! Nkakesha nayo, nasoma, nafasiri, naandika pembeni kwa penseli, nilipofika ukurasa wa sitini nkasikia adhana ya alfajiri. Mkutanoni wazee wakasimama mmoja mmoja wakasema kwa uchungu, na walosema ni kweli tupu, mimi mwenyewe machozi yalinilenga, lakini yule afisa alokaa mbele akauliza suala moja tu: mna takwimu? Kimya. Watu wakatazamana. Akaandika kwenye karatasi yake kuwa jamii imetoa maoni, ikasomwa dua, tukagaiwa soda, tukatoka.

Tangu siku ile silali vizuri. Nikawa natafuta wenzetu wa mbali, watu walio pembeni mwa nchi yao kama sisi, wao hufanyaje. Ndo nkakutana na habari za Canada West Foundation, taasisi ya mikoa minne ya magharibi mwa Kanada, yaani British Columbia, Alberta, Saskatchewan na Manitoba. Kila mwaka wanatoa ripoti ya kazi zao, mwaka huu tumeandika kuhusu hili, tumekwenda mbele ya kamati ya bunge kwa lile, tumekaa na wakulima na wafanyabiashara hapa na pale. Nimesoma nimefurahi lakini kuna mambo sijayashika.

Kwanza mwaka mzima hawa watu wanafanya nini hasa, manake kuandika ripoti si kazi ya mwaka. Halafu nani anawalipa. Na kubwa kuliko yote, je serikali yao inawasikiliza au ni karatasi zinapangwa kabatini tu kama huku? Sabu kuna wazee hapa wamenambia kama ni kitu cha maana tuanzishe cha kwetu, hata kidogo, na mimi sitaki kuwapeleka watu wazima mahali nisipopajua.

Mlamu_Calgary

Waaleikum salaam dadangu. Umenigusa sana. Mimi ni mzaliwa wa Mkomani, huku Calgary nina miaka kumi na moja sasa, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo ya reli, na hio taasisi unayoisema makao yake ni mji huu huu. Si mfanyakazi wao wala sina hisa, lakini nafuata mambo yao muda mrefu kwa sababu kila nikisoma manung'uniko ya watu wa huku naona kama nimekaa baraza za Amu.

Hebu nianze na asili yake, manake ukijua kwa nini ilizaliwa hayo mengine yanajifungua yenyewe. Alberta na Saskatchewan zilifanywa mikoa kamili mwaka 1905, lakini ardhi na madini yakabaki mikononi mwa Ottawa, yaani serikali kuu. Manitoba nayo ilikuwa hivyo hivyo tangu 1870. Mikoa ya zamani ya mashariki ilikuwa na mali zake yenyewe, hii ya tambarare ikanyimwa, mpaka 1930 ndo ikakabidhiwa. Fikiria, miaka ishirini na tano mtu anaitwa mwenye nyumba na funguo ziko kwa jirani. Hio kitu haikuwatoka rohoni. Sasa 1970 wakaitana mkutano mji wa Lethbridge, wakajadili kama ile mikoa mitatu ya tambarare iungane iwe mmoja ipate nguvu. Hawakuungana. Lakini walipokaa pale wakaona upungufu wao mwengine kabisa, kwamba hakuna mahali panapokusanya maarifa ya magharibi kwa jicho la magharibi, wataalamu wote, hesabu zote ziko mashariki. 1971 ikaanzishwa hio Canada West Foundation. 

Haikupita miaka kumi ikaja 1980, serikali kuu ikaleta mpango wake wa nishati, bei ya mafuta ya ndani ikashikwa chini ya bei ya dunia na sehemu kubwa ya pato ikaenda Ottawa. Mzee jirani yangu hapa alipoteza nyumba miaka ile, mpaka leo ukimtajia huo mpango anaweka kikombe chini. Watu walikasirika, wengine wakaanza kusema wajitenge na Kanada. Hawa wa taasisi hawakwenda njia hio. Wao wakakaa wakajiuliza, ugonjwa ni nini hasa? Wakaona ni seneti. Seneti ya Kanada huteuliwa, haichaguliwi, na viti vimegawanywa kizamani, mikoa minne ya magharibi kila mmoja una viti 6, na New Brunswick ambao ni mkoa mdogo wa mashariki una viti 10. Kwa hesabu ya watu ya 2021 Alberta ina watu 4,262,635 na New Brunswick 775,610. Viti sita, viti kumi. 1981 wakatoa ripoti wakipendekeza seneti ichaguliwe na wananchi na mikoa iwakilishwe kwa uzito ulio sawa zaidi.

Sasa unauliza serikali inasikiliza? Nikujibu kwa ukweli. Lile wazo liliingia midomoni mwa watu wote magharibi, Alberta ikaanza kupiga kura yake ya kuchagua majina ya maseneta 1989, na alochaguliwa akateuliwa kweli 1990. Likaingizwa kwenye mapatano ya katiba ya 1992, wananchi wakayakataa kwenye kura ya maoni. 2014 Mahakama ya Juu ikasema seneti haibadiliki hivi hivi, lazima mikoa saba yenye nusu ya watu wa nchi ikubali. Kwa hivyo mpaka leo seneti ya Kanada huteuliwa. Miaka arubaini na zaidi! Lakini hakuna anayezungumza habari ya seneti huku bila kutumia hoja zilizopangwa na wale watu.

Na nikwambie jambo ambalo hunifanya nikae nifikiri. Kile walichokililia wao sisi tumekipata 2010 kwa katiba. Lamu kwa hesabu ya 2019 ina watu 143,920, Nairobi ina 4,397,073, na kila moja inachagua seneta wake mmoja sawa sawa. Wenzetu wana hesabu na hoja, kiti cha kuchagua wenyewe kwa usawa hawana. Sisi kiti tunacho. Anayekaa kitini humo tumempa karatasi gani akasimame nayo?

Habari ya mwaka mzima wanafanya nini nitarudi jioni, naingia kazini.

Mchumvi_Marereni

Mimi nasoma hapa na nina wasiwasi. Alberta ni mafuta. Taasisi iko Calgary penye makampuni ya mafuta. Nani analipa mishahara ya hao watafiti? Manake huku kwetu Marereni na Gongoni tumezoea, akija mtaalamu na begi lake lazima uangalie gari alilokuja nalo ni la nani. Mkono mtupu haulambwi, na ulojaa nao una mwenyewe. Tusije tukaanzisha kitu kwa nia safi halafu mwaka wa pili kinasema maneno ya mwenye pesa.

Kijana_Hindi

Kwani KIPPRA haipo? Taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, ina wasomi, ina sheria yake. Twatafuta nini Kanada?

Binti_Langoni

@Kijana_Hindi ipo kaka na kazi yake naiheshimu, lakini ni ya serikali kuu na iko Nairobi, hutazama nchi nzima kutokea pale. Ukitafuta maisha ya mkata mikoko wa Lamu hutayaona kwa ukaribu huo. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, 2018 ilipopigwa marufuku kukata miti nchi nzima mikoko nayo ikaingia humo humo, watu wa mazio na boriti, yaani nguzo za mikoko, wakalala njaa mpaka baadaye Lamu ikafunguliwa. Mtu wa hapa angejua kabla, angesema mapema kuwa mkoko hukatwa kwa vipimo na huota tena, si msitu wa mwerezi ule. Hilo ndo nalitafuta mimi, mtu alo karibu na jambo lenyewe aliandike kabla halijatokea.

@Mchumvi_Marereni suala lako ndo langu pia, namngoja ndugu wa Calgary.

Mlamu_Calgary

Nimerudi. Nianze na ya pesa sabu ndugu wa Marereni kauliza kitu cha haki kabisa.

Pesa zao zinatoka kwa makampuni, wakfu mbalimbali, serikali za mikoa na ile kuu kwa miradi maalumu, na watu binafsi. Na ndio, ukisoma maandishi yao juu ya mabomba ya mafuta na vibali vya miradi wanaegemea upande wa kujenga, na kuna watu wengi huku, wakiwemo wenyeji asilia wa pwani ya British Columbia, ambao hawakubaliani nao. Usome ukijua hivyo. Lakini kuna kinga mbili tatu. Wamesajiliwa kama shirika la hisani, na sheria ya Kanada yakataza shirika la hisani kuunga mkono chama au mgombea. Halafu kila shirika la hisani lazima lipeleke taarifa yake ya fedha kila mwaka ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha, na mtu yeyote, hata mimi mpakua mizigo, naweza kuifungua kwenye mtandao wa mamlaka ya kodi nikaona wameingiza kiasi gani na wametumia wapi. Haimaanishi hawana upande. Yamaanisha gari alilokuja nalo mtaalamu lina namba na namba yasomeka.

Sasa mwaka wao. Nionavyo mimi kazi kubwa si kuandika, ni kuchagua cha kutoandika. Wana mafungu machache tu, kama biashara na uwekezaji, mali asili, na ujuzi wa watu yaani elimu na kazi. Kila mwaka katika mafungu hayo wanachukua maswali machache wanayashika mpaka mwisho. Swali likishashikwa wanakusanya hesabu, halafu wanawaita wanaohusika mezani kabla ripoti haijatoka, wanawaonyesha rasimu, wanakosolewa, wanarudi kuandika. Ikitoka hawaiachi, watu wao wanaandika makala magazetini, wanakwenda kusema mbele ya kamati za bunge Ottawa na kwa serikali za mikoa, na mwaka unofuata wanarudi kwa jambo lile lile kuuliza limefika wapi. Hapo ndipo penye siri. Kurudi.

Mfano mmoja utakaowahusu nyie wa Amu moja kwa moja. 2022 walitoa ripoti juu ya bandari, reli na barabara za kubebea mizigo ya nchi. Kanada, serikali ikitaka kutoa pesa haraka, ilikuwa na mazoea ya kuuliza mradi gani uko tayari kuchimbwa kesho. Wao wakasema hilo si suala, uulize mradi gani wastahili kuchimbwa, wautazame ukanda mzima, mzigo utoke wapi upite wapi ufike wapi, miaka mingi mbele. Mimi nafanya kazi kwenye mizigo, nlisoma ile ripoti nikiwa nimekaa juu ya mbao za mizigo za ghalani saa ya chakula, nikakumbuka mwezi wa tatu 2012 pale nyumbani, marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia wamesimama kuzindua LAPSSET. Bandari, reli, bomba la mafuta, kiwanja cha ndege, vyote kwa pamoja. Gati ya kwanza ikafunguliwa tarehe 20 mwezi wa tano 2021, sasa ziko tatu, mpango wa asili ulisema 32. Reli iko wapi? Bomba liko wapi? Bandari bila reli ni nyumba ya ghorofa bila ngazi. Ni nani Pwani alikaa 2012 akaandika hili swali kwa hesabu, akalirudia 2013, 2014, kila mwaka mpaka wahusika wakamjua kwa jina?

Nimewahi kuingia mkutano mmoja wa aina hio huku, wa taasisi nyengine, kwenye ukumbi wa maktaba. Watu kama arubaini. Kila mmoja kapewa karatasi mbili tu, si kurasa mia mbili. Mkulima mmoja wa Saskatchewan, mikono imepasuka kwa baridi, akanyanyuka akamwambia mtafiti hio namba yako ya mabehewa ya ngano si sawa, mimi nlingoja behewa wiki tatu. Mtafiti hakubishana. Akamuuliza wiki gani, kituo gani, akaandika. Mkulima akatoa kijitabu mfukoni akamsomea tarehe. Nikasema subhanallah, kumbe ni kijitabu tu.

Malindi_Mahakamani

Salaam wote. Mimi kazi yangu iko karibu na mahakama hapa Malindi, niongeze kidogo kwa upande wa sheria sabu naona ndugu zangu mwajidharau.

Pwani tushashinda kwa karatasi. Wavuvi wa Lamu walifungua kesi 2012 kuhusu bandari, na tarehe 30 mwezi wa nne 2018 Mahakama Kuu hapa hapa Malindi ikaamua kuwa haki zao zimevunjwa, haki ya kupewa habari, ya kushirikishwa, ya mazingira safi, na ya utamaduni wao, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600. Halafu tarehe 26 mwezi wa sita 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulotaka kujengwa Kwasasi huko Lamu, na sababu kubwa mojawapo ni kuwa watu hawakushirikishwa ipasavyo. Hayo si madogo.

Lakini hesabuni miaka. Kesi ya wavuvi ilichukua sita mpaka hukumu. Mahakama huja nyuma ya jambo, bahari ishachimbwa ndo hakimu anasema haikufaa. Hawa wa Kanada mnaowasema wao husimama mbele ya jambo. Twahitaji vyote viwili, na hata wakili akienda mahakamani atauliza yale yale alouliza afisa wa dada yetu, mna takwimu?

Na kuna mlango watu hawautumii. Ibara ya 35 ya Katiba yakupa haki ya kupata habari zilizoko kwa serikali, na sheria ya 2016 yasema ukiandika barua kuomba, wajibu ndani ya siku 21. Barua moja tu. Dada na duka lako la kompyuta, wewe ukiandika barua hizo kumi kwa mwaka na kuweka majibu yake kwenye faili ushaanza taasisi, jengo litakuja baadaye.

Ustadh_Mkomani

Wanangu nimesoma yote nimefurahi. Neno lililonikaa ni hilo jina lao. Foundation si ndio wakfu? Basi sisi wakfu twaujua kabla ya Kanada kuwa nchi. Misikiti na madrasa hapa Amu vimeishi kwa kodi ya duka alilolitoa fulani, na minazi ya shamba aliloliwekea wakfu bibi fulani, Mungu awarehemu, na hakuna tajiri awezaye kumwambia imamu sema hivi kwa kuwa nakulisha. Ndugu wa Marereni ana haki kuogopa pesa ya mtu. Lakini kukipatikana hata chumba kimoja cha duka, kodi yake ikawekwa wakfu kwa kazi hii ya kuandika na kuhifadhi, na hesabu zikabandikwa ukutani kila mwaka baada ya Idi watu wazione, nani atauliza gari la nani? Mimi nawajua watu wawili watatu wa kuwauliza. Sisemi majina hapa.

Mchumvi_Marereni

Ustadh umenitua mzigo. Hilo nalikubali, na hesabu ukutani ndo muhimu kuliko chumba chenyewe.

Binti_Langoni

Ustadh shukrani sana, nashika mkono wako. @Mlamu_Calgary nina moja imebaki. Lugha. Ile hati nlikesha nayo ilikuwa Kiingereza mwanzo mwisho. Huko wenyeji asilia ambao Kiingereza si chao hufanyiwaje?

Mlamu_Calgary

Historia yao kwa wenyeji asilia ina mabaya mengi dada, sitaki kuipamba. Lakini kuna mfano mmoja mzuri, si wa hio taasisi, ni wa tume. Miaka ya sabini makampuni yalitaka kupitisha bomba la gesi bonde la mto Mackenzie, kaskazini kabisa, kuja kusini. Serikali ikamteua jaji Thomas Berger kuchunguza. Yule bwana hakukaa mjini. Alikwenda vijiji na miji 35, akakaa kwenye kumbi za vijiji, watu wakasema kwa lugha zao, na redio ya taifa ikatangaza kila siku kwa lugha hizo hizo yaliyosemwa, kwa hivyo kijiji cha pili kikajua wa kwanza wamesema nini. Na vikundi vya wenyeji vikapewa pesa za kutafuta wataalamu wao. Hilo la mwisho liangalie sana. 1977 akatoa ripoti, akasema bomba la bondeni lingoje miaka kumi kwanza madai ya ardhi yamalizwe. Halikujengwa.

Kwa hivyo jibu langu, muhtasari wa Kiswahili si hisani, ni sehemu ya kazi. Mukianzisha, la kwanza liwe hilo. Hati yoyote ikija Lamu, ndani ya siku saba iwe na karatasi mbili za Kiswahili, na isomwe redioni.

Mvuvi_Kizingitini

Assalaam aleikum. Naandikiwa na mjukuu, mimi nasema yeye anapiga.

Nimesomewa haya yote tangu jana. Nilipofika kwa yule mkulima na kijitabu chake nkamwambia mjukuu rudia hapo. Akarudia.

Mimi ni mvuvi wa kambakoche, tangu kijana, nazamia miamba ya huku kwetu. Mwaka 2009 tajiri mmoja alonunua kambakoche zangu alinipunja hesabu ya msimu mzima, na mimi sina la kuonyesha, ikawa neno lake na langu. Siku hio nkanunua daftari la mraba, la shule. Kila nikirudi nkaandika. Tarehe, kaskazi au kusi, bamvua au maji mafu, mwamba upi, kambakoche wangapi, kilo ngapi, bei. Wakati mwengine maji yalikuwaje, safi au tope. Nlianza kwa ajili ya tajiri lakini mkono ukazoea, nkawa siwezi kulala sijaandika. Nina madaftari manane sasa. Kuna mwamba mmoja nlikuwa natoa kumi na tano, kumi na sita kwa bamvua moja. Ukaja mwaka wa tope nkatoa wanne, na bamvua ya pili wawili, na ya tatu nkarudi mikono mitupu, yote imeandikwa na tarehe zake.

Nami nlikaa mkutano kama ule wa huyu binti, hapa hapa kwetu. Nkasimama nkasema samaki wamepungua, kambakoche wamehama. Nkaulizwa mzee una ushahidi gani? Nkakaa chini. Wallahi nkakaa chini, na madaftari yako juu ya kabati nyumbani kwangu, nyumba ya tatu kutoka pale tulipokaa. Hakuna alonambia kuwa lile ni jambo la kuja nalo. Mimi nliona ni deni langu na tajiri.

Nauliza tu, hayo yafaa?

Malindi_Mahakamani

Mzee wangu. Yafaa sana. Yafaa kuliko kurasa mia mbili zile. Tafadhali usimpe mtu yeyote madaftari yenyewe, hata mimi, hata akuonyeshe kitambulisho. Kopi tu.

Mlamu_Calgary

Nimesoma nimesimama kwenye theluji nje ya ghala, vidole vimeganda, siwezi kuingia ndani mpaka niandike. Ami, shikamoo. Hio unayo ndo taasisi inayotafutwa hapa tangu juzi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe mali umeiandikia miaka yote hio peke yako.

Dada, muhimu sasa si ya mzee mmoja. Pate nzima, Faza, Kiwayu, Amu yenyewe, kuna wangapi wenye daftari? Wakata mikoko huandika mazio mangapi walitoa. Manahodha wa mashua huandika safari. Wakunga, walimu wa madrasa wanaosajili watoto. Yaulizwe BMU moja moja, vile vikundi vya kusimamia fukwe. Mukiweka pamoja mwaka wa kwanza hamtakuwa na ripoti kubwa, mtakuwa na karatasi mbili, lakini namba zake hakuna Nairobi nzima atakaekuwa nazo. Mashine ya kuskani nitanunua mimi, niandikie faragha niipeleke kwa nani.

Kijana_Hindi

Mimi nliuliza KIPPRA kazi yake nini, sasa nimeelewa tofauti. Naishi Hindi, huku Lamu bara, wakulima wa huku wana risiti za simsim na pamba za miaka, zimo kwenye mifuko ya plastiki. Nitaanza na babangu.

Binti_Langoni

Jamaa sijui niseme nini. Nimepanga hivi, mnikosoe. Jumamosi hii baada ya alasiri nafunga duka mapema, napanda boti ya Kizingitini asubuhi ya Jumapili pamoja na maji yakijaa, nitakuja na laptopu na simu mbili za kupiga picha kurasa, na mwanafunzi mmoja wa kike alomaliza chuo hapa anijulie hesabu. Babu usitoe hata ukurasa nje ya nyumba, tutakaa kwako ukiona kila kitu. Kila ukurasa utapigwa picha mbele yako na utapewa kopi iliyochapwa. Jina lako halitaandikwa popote mpaka wewe useme. Barua ya kwanza ya siku 21 nishaiandika leo, Malindi_Mahakamani nakutumia uitazame kabla sijaipeleka. Na ule muhtasari wa ile hati, nimebakiza kurasa mia na arubaini, naendelea kila usiku baada ya isha.

Mvuvi_Kizingitini

Karibu mwanangu. Boti ya Jumapili mwambie nahodha akushushe gati ndogo, hio kubwa maji yakitoka ina matope. Madaftari nimeyateremsha yeo. Lile la nne limeingia maji kurasa za mwisho, nimelifungua juani ukurasa kwa ukurasa na nimeweka kokoto juu upepo usije ukachukua, likikauka wino utasomeka isipokuwa mwezi wa saba, lakini mwezi wa saba ule ni kusi kali, sikutoka sana.